Maji maangavu si lazima yawe safi

Wengi tumelelewa na kauli hii: maji yakiwa maangavu, hayanuki na yamechemshwa, basi yako safi kabisa. Nusu yake ni kweli, na naomba tusiiache, maana kuchemsha huua vimelea vya kipindupindu. Dawa tunazomeza, ambazo hutoka mwilini na kuingia kwenye majitaka hadi mitoni, ni habari nyingine. Karbamazepini, dawa ya kifafa, haiharibiwi na moto wa jikoni, na mitambo mingi ya majitaka huiachia ipite karibu yote kwa kuwa bakteria wa mabwawani hawaimudu.

Huionaje basi? Mtaalamu huvuta maji ya mto kwa bomba la sindano, huyasukuma kupitia kichujio hadi kwenye kichupa kidogo, kisha maabara hutenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake. Hata nanogramu chache kwa lita huonekana (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu). Utafiti wa 2022 ulioongozwa na Chuo Kikuu cha York, Uingereza, ulipima mito 258 katika nchi 104. Karbamazepini ilikutwa kwenye zaidi ya nusu ya vituo.

Viwango hivyo havimwangushi mtu leo. Samaki, lakini, huishi humo usiku na mchana.