Chikungunya: neno la Kimakonde katika vitabu vya tiba

Chikungunya ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu aina ya Aedes, wale wanaouma mchana. Homa hupanda ghafla, kisha viungo huanza kuuma: vifundo vya miguu, magoti, viganja, vidole. Homa yenyewe kwa kawaida haimalizi wiki, ila maumivu ya viungo huweza kudumu miezi, na kwa wengine miaka.

Katika Kiingereza cha madaktari jina ni hilohilo, na mara nyingi utasoma kwamba limetoka katika Kiswahili. Si kweli, na inafaa kosa hili lisahihishwe kila linapoonekana. Neno ni la Kimakonde. Kiambishi cha mwanzo tu kinalitambulisha: sisi tunaposema ki-, Wamakonde husema chi-, ndiyo maana wenyewe huiita lugha yao Chimakonde. Mzizi wake ni kitenzi kungunyala, yaani kukauka na kupindika. Chikungunya, basi, ni kile kinachomkunja mtu.

Waliolitoa jina hilo ni wagonjwa na majirani zao. Mwaka 1952 na 1953 mlipuko mkubwa uliwapata watu wa uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Mtu aliamka mzima, na kabla jua halijazama alikuwa amejikunja, hawezi kunyooka wala kutembea. Watafiti wa ugonjwa huo, Marion Robinson na W.H.R. Lumsden, walipochapisha taarifa zao mwaka 1955, walilichukua jina kama walivyolikuta. Lumsden alitazama pia makazi: uwandani maji yalikuwa ya shida, watu waliyachota mbali mabondeni na kuyaweka akiba majumbani, na Aedes hupenda kutaga katika maji ya namna hiyo hasa.

Kwangu hii ni heshima waliyostahili Wamakonde. Walikwisha kuona dalili kuu na kuipa jina kabla virusi havijatambuliwa maabara. Mwaka 2004 ugonjwa ulizuka Lamu, ukavuka hadi Komoro na Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya wakazi waliugua, na mwaka 2013 ukaingia visiwa vya Karibi.

Virusi hivyo vina ndugu wa karibu, naye jina lake ni la Kiafrika vilevile: o'nyong-nyong, neno la Waacholi wa Uganda kwa maumivu yanayolegeza viungo, lililosikika kwa madaktari katika mlipuko wa mwaka 1959.