Dawa ya kupevusha mayai bila kupima: acheni jamani

Dada zangu wa Dodoma, haya maswali nayasikia kila kliniki, leo nayajibu kwa pamoja.

Yai kupevuka na yai kutoka ni kitu kimoja?
Hapana, ila vinaenda pamoja. Kila mwezi vifuko kadhaa vya mayai vinaanza kukua kwenye ovari, siyo kama kichala cha zabibu za Hombolo kinachoiva chote, huku kwa kawaida kimoja tu ndo kinawapita wenzake, wengine wananyauka. Kikishakua vizuri, tezi iliyo chini ya ubongo inamwaga homoni ya LH kwa wingi, hiyo ndo inamalizia kulipevusha yai, na ndani ya siku moja na nusu hivi kifuko kinapasuka yai linatoka. Bichi halirutubiki, na lililopevuka lisipotoka halikutani na mbegu.

Linaishi muda gani?
Saa 12 mpaka 24. Mbegu zinaweza kukaa hadi siku 5, kwa hiyo kutaneni kabla halijatoka. Na siku ya 14 siyo ya kila mtu, mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka siku ya 21 hivi.

Hedhi yangu haikosi ila sishiki mimba, ninunue dawa ya kupevusha?
Usinunue. Hedhi ikija kwa mpangilio, mara nyingi mayai yanatoka, shida yaweza kuwa mirija ya uzazi au mbegu za mume, na klomifeni, hiyo dawa ya kupevusha mayai, haizibui mirija. Mtu anafungua mkoba hapa, vidonge vya duka la dawa, chupa ya soda yenye dawa ya kusafisha kizazi, unga kwenye karatasi, cheti cha kipimo hata kimoja hakuna!

Mbona shoga yangu alimeza akapata mapacha?
Shoga yako siyo wewe. Hizo dawa zinaweza kukuza mayai zaidi ya moja na kuvimbisha ovari, ndo maana zinatolewa na daktari anayekufuatilia kwa utrasaundi. Nasema tena usinunue. Na hivyo vitu vya kuweka ukeni acheni kabisa, vinaleta maambukizi, na maambukizi ndo yanaziba mirija.

Hedhi inaruka miezi miwili mitatu?
Hapo kweli yai huenda halitoki, homoni haziko sawa. Inatibika, ila kwa vipimo. Usisubiri, njoo.

Wengine tusubiri muda gani?
Chini ya miaka 35, mwaka mmoja wa kujaribu. Ukifika 35, miezi 6. Mayai yote umezaliwa nayo, mapya hayatengenezwi na ubora unashuka na umri, sasa mtu anakaa miaka minne anakunywa machupa ndo anakuja na 39, inaniuma sana.

Mume hataki kupima, anasema yeye yuko fiti.
Nguvu za kiume siyo ushahidi kwamba mbegu zipo. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyako vyote, kwa hiyo njooni wawili, na tarehe zako za hedhi za miezi mitatu, na dawa zote ulizokwisha meza, hata za kwenye karatasi. Sitakugombeza.