Huyu samaki ametoka wapi?

Tafsiri yangu ya kwanza ya riwaya ya upelelezi ilirudi na duara la wino kwenye sentensi moja. Pembeni mhariri aliandika: "Huyu samaki ametoka wapi?" Inspekta wangu, maiti ikiwa bado sakafuni, alikuwa anasema, "Hiyo ni heringi nyekundu tu." Nilikuwa nimebeba "red herring" ya Waingereza, msemo wa jambo linalokupotosha uache la msingi, mzimamzima, na magamba yake.

Samaki mwenyewe yupo kweli. Heringi huvuliwa kwa wingi Bahari ya Kaskazini, na tangu enzi za kati Waingereza walimkoleza chumvi, wakamning'iniza kwenye moshi bila kumpasua, siku nyingi, hadi ngozi ikawa nyekundu ya kuungua. Kama umewahi kufungua gunia la ng'onda, harufu unaweza kuikisia.

Harufu hiyo ndiyo iliyozaa ngano. Utaambiwa wafungwa watoro walimburuta njiani ili mbwa wapotee. Tamu, ila ushahidi hakuna. Kilichopo ni kitabu cha uwindaji cha mwishoni mwa karne ya 17 kinachofundisha kumzoesha farasi (farasi jamani, si mbwa!) kufuata msafara wa wawindaji: buruta mzoga wa paka au mbweha, ukikosa, heringi nyekundu.

Mbwa waliingizwa na William Cobbett, mwanahabari mwenye kalamu kali. Februari 1807, katika gazeti lake la Political Register, alisimulia kwamba utotoni aliwahi kutumia heringi kuwapotosha mbwa waliokuwa wakimfukuza sungura. Mimi nahisi kisa alikitunga. Aliowalenga ni wenye magazeti wenzake, walioshabikia habari ya uongo kwamba Napoleon ameshindwa, wakaacha mambo mazito ya nyumbani.

Kwa Kiswahili, mtu akikurushia jambo la pembeni ili uliache la msingi, amekupoteza maboya. Likiwa jepesi, la kukunyamazisha tu, hiyo ni danganya toto. Kiini macho siitumii hapa, inanukia mazingaombwe. Kuna mtego mmoja: kwenye riwaya, mara nyingine hakuna mhusika aliyekusudia kupotosha. Kiatu chenye tope kipo tu mlangoni, na msomaji anajipoteza mwenyewe. Hapo "dalili ya kupotosha" inatosha.

Inspekta wangu alikuwa ameachiwa barua bandia mezani, kwa makusudi. Kwenye rasimu ya pili akasema, "Hapa tunapotezwa maboya." Mhariri hakuchora duara.