Mawe kwenye figo na moyo vinahusianaje?

Huku kwetu Mbeya mtu akisema ana mawe kwenye figo wengi wanawaza yale maumivu ya ubavuni yanayoshuka mpaka kinenani, unagaragara chini, jiwe likitoka basi yameisha. Hayajaisha jamani. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa aliyewahi kupata mawe ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kupata presha na magonjwa ya moyo kuliko ambaye hajawahi.

Sio kwamba jiwe linasafiri mpaka moyoni, hapana, jiwe njia yake ni ya mkojo tu. Na haijathibitishwa kwamba jiwe lenyewe ndo linaharibu moyo, ila vinavyoleta mawe ndo vilevile vinavyouchosha moyo: chumvi nyingi, uzito uliozidi, kisukari, presha yenyewe.

Chukua chumvi. Ukila nyingi figo inaitoa kwa mkojo, sasa ikitoka inaondoka na kalsiamu, na kalsiamu ikikutana na oksaleti (kemikali inayotoka kwenye baadhi ya vyakula) kwenye mkojo mzito zinagandana punje kwa punje mpaka linakuwa jiwe, na mawe mengi ni ya aina hiyo. Chumvi hiyohiyo inafanya mwili ushikilie maji, presha inapanda, moyo unasukuma kwa shida. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imo ya kwenye mboga, kwenye chipsi na ile unayonyunyiza mezani. Kisukari nacho kinafanya mkojo uwe na asidi zaidi, hapo yanakuja mawe ya aina nyingine, ya asidi ya yuriki (taka ya mwili inayotoka kwa mkojo).

Halafu maji. Tukuyu au Makete mwezi wa 6 na wa 7 baridi ile kiu huisikii kabisa, mtu anashinda na chai tu, wakati Chunya machimboni na kwenye mpunga Mbarali jasho linamaliza maji yote mwilini. Wote wanaishia na mkojo mchache wa njano iliyokolea, na huko ndo mawe yanaanzia. Aliyewahi kuumwa anatakiwa anywe mpaka akojoe kama lita 2 na nusu kwa siku.

Maziwa usiache! Wengi wanaacha wakisikia kalsiamu, kumbe kalsiamu ya chakula inaikamata oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo. Mchicha na spinachi zina oksaleti nyingi, chemsha umwage yale maji.

Kwa hiyo kama umewahi kupata jiwe hata mara moja, nenda kapime presha, sukari, mafuta kwenye damu na kazi ya figo, hata kama hausikii chochote maana presha haiumi. Ila mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi, anayevimba miguu na kukosa pumzi akilala, asijijazie maji kwa sababu ya mawe, kiasi chake apangiwe na daktari.