Paka aliyegongwa na pikipiki: alazwe usingizi kwa dawa gani kabla ya upasuaji?

Paka wangu kagongwa, mguu umevunjika. Mbona daktari hataki kumpasua leo leo?

Kwa sababu mguu huo unaweza kusubiri siku moja au mbili, na kuna mengine yasiyosubiri. Paka aliyegongwa anaweza kuwa na hewa iliyovuja kifuani, mapafu yaliyovilia damu, kibofu kilichopasuka, au ukuta wa misuli kati ya kifua na tumbo uliochanika, na bado akajilaza kimya ukadhani amechoka tu. Paka wa kilo 4 ana damu kama mililita 240 mwili mzima, haijai hata chupa ya soda. Akipoteza nyingi, moyo wake mara nyingi haukimbii kama wa binadamu, bali hupunguza kasi, na mwili hupoa. Ukimlaza usingizi katika hali hiyo, dawa nyingi za usingizi zitamshusha presha zaidi. Basi hutangulia oksijeni, dripu, dawa ya maumivu na joto.

Sindano ya usingizi ya ketamini au gesi ya usingizi, ipi salama zaidi?

Inategemea paka yuko katika hali gani, na kliniki ina nini.

Ketamini haihitaji mashine. Huchangamsha moyo, na paka huendelea kupumua mwenyewe. Lakini ikiwa peke yake hukaza misuli, kwa hiyo huchanganywa na dawa nyingine, na hapa ndipo pa kuuliza. Zailazini, dawa ya kutuliza, hulegeza misuli vizuri, ila hupunguza mapigo ya moyo na damu inayosukumwa, tena paka wengi hutapika wakichomwa. Paka mwenye afya anayehasiwa kwa kawaida huuhimili mchanganyiko huo. Kwa paka aliyepoteza damu ningeomba ketamini iende na diazepamu au midazolamu, dawa nyingine za kutuliza na kulegeza misuli, badala yake. Na kwa kuwa ketamini hutoka kwa njia ya figo, mwambie daktari kama paka hajakojoa tangu ajali.

Gesi ya isoflureni ina faida kubwa: daktari huongeza au kupunguza usingizi dakika kwa dakika, oksijeni inaingia kwa mrija, na paka huamka mapema. Hata hivyo hutanua mishipa na kushusha presha, kwa hiyo itumike kidogo pamoja na dawa kali ya maumivu. Kabla ya gesi mara nyingi hutumika propofoli, dawa ya kuanzisha usingizi, kwenye mshipa, polepole, maana ikisukumwa haraka paka huacha kupumua. Kuingiza mrija nako kunataka mkono mzoefu, kwani koo la paka hujikaza likiguswa. Hudondoshewa lidokaini, dawa ya ganzi, kwanza.

Kama kliniki ina mashine na mtu wa kumwangalia paka muda wote, kwa upasuaji mrefu wa mfupa nachagua gesi. Mashine isiyo na mwangalizi sioni faida yake.

Haitoshi kumpiga ganzi mguuni tu?

Hapana, hatatulia. Ganzi juu ya usingizi ni nzuri sana, maana hupunguza dawa nyingine. Ipimwe kwa uzito wake. Lidokaini humdhuru paka kwa kiasi ambacho mbwa angekistahimili.

Hatari ni kubwa kiasi gani?

Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha vifo vinavyohusiana na usingizi kwa paka wenye afya ni asilimia 0.11, na kwa wagonjwa asilimia 1.40. Zaidi ya nusu ya vifo vya paka vilitokea baada ya upasuaji, vingi katika saa 3 za mwanzo. Kwa hiyo usiharakishe kumchukua. Uliza nani atakaa naye, na kama joto lake limerudi kwenye nyuzi 38 hivi.

Akilia kwa maumivu usiku nimpe parasetamoli?

Usithubutu, hata kipande. Ini la paka haliwezi kuichambua, damu yake hushindwa kubeba oksijeni, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Omba dawa ya maumivu ya paka kabla hujaondoka kliniki.