Shekhe Ramiya wa Bagamoyo: tunayoyasema na yalivyo

Mgeni akija Bagamoyo hupelekwa kwanza Misheni, mahali mwili wa Livingstone ulipolazwa mwaka 1874 baada ya watumishi wake, akina Chuma na Susi, kuubeba kutoka bara. Haukukaa, lakini mnara una jina lake hadi leo. Lakini Shekhe Ramiya, mwalimu wa dini ya Kiislamu, aliishi mji huu maisha yake karibu yote, na bado tunamsimulia kombokombo.

"Lazima alikuwa sharifu." Yaani mzao wa Mtume; hili nalisikia hata kwa wenyeji. Pwani tumezoea kumuuliza shekhe ukoo kabla ya kumuuliza elimu. Yahya bin Abdallah, ndilo jina lake, alitoka Manyema, Kongo ya mashariki, akaletwa hapa mtoto, tena mtumwa. Akasoma, akasomesha, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa Qadiriya, tarika ya Kisufi, katika mji uliowahi kumhesabu mali ya mtu. Sijui kwa nini tunalificha hilo, kana kwamba linampunguzia.

"Alikuwa fukara, ndiyo maana alikuwa mnyenyekevu." Hapana. Alifanya biashara, akawa na mashamba ya minazi. Bibi mmoja wa mtaani kwetu nilipomwambia habari ya ufukara alicheka: "Mjukuu wangu, chuo cha Kurani kinaendeshwa kwa dua peke yake? Watoto wale wanakula nini?"

"Tarika ni yake." Qadiriya ni ya Abdulkadir Jilani wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1166, na katika pwani hii Shekhe Uways wa Barawa ndiye aliyeieneza sana. Anayepewa ijaza, idhini ya kuiongoza tarika, husomewa silsila: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Jina lako linakuja mwisho, baada ya watu waliokufa zamani. Ni vigumu kujivuna na karatasi kama ile mkononi.

"Watu huenda kuabudu kaburi." Wapo Waislamu wasioikubali ziyara, yaani kuzuru kaburi la shekhe, na hoja zao wanazo. Lakini ziyara yenyewe si ibada ya kaburi. Viatu vimerundikana mlangoni, moshi wa ubani unawasha macho, Yasini inasomwa, mikono inainuliwa kumwombea marehemu. Anayeombwa ni Mungu. Kisha matari, halka ya dhikri ikiyumba kwa pumzi moja, na baadaye sinia la pilau ambalo mzee na dereva wa bodaboda wanalizunguka pamoja.

"Alipokufa mambo yakaisha." Alifariki mwaka 1931. Mwanawe, Shekhe Muhammad Ramiya, akashika nafasi, na zama za kudai uhuru alikuwa upande wa TANU. Wanafunzi wa wanafunzi wao nao wana vyuo vyao sasa. Ukipita asubuhi utawasikia watoto kabla hujawaona, wakikokota alifu, bee, tee, na mwalimu akimrudisha mmoja aliyeruka herufi.