Kwa nini mtoto asome vizuri kwa sauti, lakini asielewe alichosoma?

Soma sentensi hii: "Mbwingo alikatula shanje mlangoni." Sasa jibu: nani alikatula shanje? Alikatula wapi? Bila shaka umepata yote mawili, ingawa, ukiacha "mlangoni", maneno hayo nimeyabuni sasa hivi na hayana maana yoyote.

Ndivyo mtoto anavyoweza kupata alama zote za ufahamu bila kufahamu kitu. Tena Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa: akishazijua silabi, karibu kila neno atalitamka. Anasoma bila kukwama, anatua kwenye nukta, mwalimu anaridhika.

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza ufahamu kuwa ni hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kutambua maneno mara uwezo wa kuielewa lugha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri.

Dolores Durkin alipochunguza madarasa ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, katika dakika 4,469 za vipindi vya kusoma vya darasa la nne, ufahamu wenyewe ulifundishwa dakika 20 tu. Maswali yaliulizwa kwa wingi, ila ya kupima. Na kupima si kufundisha: aliyekosa huambiwa amekosa, haonyeshwi aliyepata alipitia wapi.

Usomaji wa kuongozwa humwonyesha njia hiyo. Watoto wachache, tuseme wanne hadi sita, hukaa na mwalimu, kila mmoja na nakala yake ya kifungu kigumu kidogo kuliko anachokimudu peke yake. Husoma kimya au kwa kunong'ona, kisha husimama katikati, hawangoji mwisho. Tuseme wamefika hapa: "Juma alikunja mwavuli, akakung'uta viatu, ndipo akaingia." Mwalimu haulizi Juma alikunja nini. Anauliza huko nje hali ikoje. Mmoja anasema mvua inanyesha. Hapo huja swali ninalolithamini kuliko yote: "Umejuaje?" Neno mvua halimo. Inabidi arudi kwenye maandishi, aoneshe mwavuli, aoneshe viatu, aunganishe na anachokijua kuhusu mvua, na wenzake wasikie anavyofikiri. Mwingine akibisha kwamba labda ni jua kali, vizuri zaidi! Mwavuli hukinga jua pia, kwa hiyo viatu ndivyo vitakavyoamua. Wakinyamaza wote, mwalimu mwenyewe afikiri kwa sauti.

Kisha aanze kujitoa taratibu. Annemarie Palincsar na Ann Brown, katika utafiti wao wa 1984, waliwaachia wanafunzi zamu ya kuongoza mazungumzo: kutabiri, kuuliza, kufafanua palipo na utata, kufupisha. Nao wakaimarika katika ufahamu. Mtoto akifika mahali pa kusimama mwenyewe katikati ya aya na kusema "hapa sijaelewa", tayari anajifanyia kazi ambayo mwalimu alikuwa akimfanyia.